Mazda 787B: haikupigwa marufuku kwa sababu ilishinda

Ukikaa na wapenzi wa magari, hasa wale vijana wanaoshinda gereji wakibishana kuhusu injini, haipiti muda mrefu kabla mmoja hajaleta ile hadithi. Kwamba mwaka 1991 Wajapani wa Mazda walikwenda Ufaransa na gari lenye injini ya ajabu, wakawapiga Wazungu kwao, na Wazungu kwa hasira wakaipiga marufuku injini hiyo mwaka uliofuata. Hadithi tamu. Ina mnyonge, ina mkubwa, ina dhuluma. Tatizo lake ni moja tu: haiko hivyo.

Wasomaji wangu mnajua kwamba mimi kazi yangu ni habari za michezo, na katika nchi hii michezo maana yake ni Simba na Yanga. Mbio za magari huwa tunazikumbuka pale Safari Rally inapopita Kenya. Leo naomba mnivumilie, tuondoke kidogo uwanjani. Kisa cha Mazda 787B kinastahili kusimuliwa vizuri, na ukweli wake ni mtamu kuliko huo uongo unaorudiwa kila mara.

Kwanza mahali penyewe. Le Mans ni mji wa Ufaransa, na kila mwaka hufanyika hapo mashindano ya saa 24. Magari huanza Jumamosi alasiri na kumaliza Jumapili alasiri. Mshindi si yule mwenye kasi kubwa katika mzunguko mmoja, bali yule aliyekwenda umbali mrefu zaidi saa 24 zikitimia. Madereva hupokezana, gari ni lile lile. Sehemu kubwa ya njia ni barabara za kawaida za umma zinazofungwa kwa ajili ya mbio, na mwaka 1991 mzunguko mmoja ulikuwa kilomita 13.6. Magari yanayopigania ushindi wa jumla hapo huitwa prototaipu, yaani si magari ya dukani yaliyoongezwa nguvu, bali yameundwa tangu msumari wa kwanza kwa ajili ya mbio tu. Huwezi kwenda nalo sokoni.

Sasa Mazda. Kampuni hii ni ya Hiroshima, ndiyo, Hiroshima ile ile ya bomu la 1945. Ilianza mwaka 1920 ikishughulika na magome ya mti wa kutengenezea vizibo vya chupa, baadaye ikaingia kwenye mashine na bajaji za mizigo za magurudumu matatu. Miaka ya mwanzo ya sitini ilikuwa kampuni ndogo ukiilinganisha na Toyota au Nissan, na viongozi wake walijua kwamba wasipokuwa na kitu cha kuwatofautisha watamezwa. Ndipo mwaka 1961 wakanunua kibali kutoka kampuni ya NSU ya Ujerumani cha kutengeneza injini ya rotari, iliyobuniwa na Felix Wankel.

Nieleze kidogo, maana bila hili hutaelewa ugomvi wote. Injini ya gari lako ina pistoni zinazopanda na kushuka ndani ya silinda. Injini ya rotari haina pistoni hata moja. Ndani yake kuna rota, kipande cha chuma chenye pembe tatu na pande zilizovimba kidogo. Fikiria sambusa iliyoshiba nyama. Sambusa hiyo inazunguka ndani ya chumba chenye umbo kama ganda la karanga, limebanwa kidogo katikati. Kila inapozunguka, nafasi kati ya upande wa rota na ukuta wa chumba huongezeka na kupungua, na hapo hapo hewa na mafuta huingia, hubanwa, huwaka na kutoka. Hakuna kitu kinachopanda na kushuka, kwa hiyo injini ni ndogo, nyepesi na inazunguka kwa ulaini sana.

Ubaya wake uko kwenye zile pembe tatu. Kila pembe lazima iwe na sili ya kuziba, na sili hiyo inasugua ukuta saa zote, kwenye moto. Injini za mwanzo za Mazda zilichanika kuta zake kwa mistari mistari, na wahandisi wenyewe wakaiita makucha ya shetani. Kenichi Yamamoto alipewa kundi la wahandisi 47 kumaliza tatizo hilo, na wao wakajifananisha na wale samurai 47 wasio na bwana wanaosifika katika historia ya Japani. Mwaka 1967 wakatoa gari la Cosmo Sport lenye rota mbili. Mwaka uliofuata wakapeleka Cosmo mbili kwenye mbio za saa 84 (ndiyo, themanini na nne) huko Nürburgring, Ujerumani, na moja ikamaliza ya nne. Ona basi, tangu mwanzo kampuni hii ilitafuta heshima kwa kuonyesha kwamba injini yake haifi njiani.

NSU wenyewe, waliouza kibali, injini hiyo iliwaharibia jina. Gari lao la Ro 80 lilijaa malalamiko ya sili kuisha mapema, na mwaka 1969 kampuni ikaunganishwa na Audi. Halafu bei ya mafuta ikapanda mwaka 1973, na rotari ina kiu ya petroli kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Mazda ikayumba vibaya, ikaokolewa na benki ya Sumitomo, na mwaka 1979 Ford ikanunua karibu robo ya hisa. Kampuni nyingine yoyote ingeitupa injini hiyo jalalani. Wao wakaamua kuipeleka Le Mans.

Na Le Mans haikuwapokea kwa maua. Injini yao ilifika huko kwa mara ya kwanza mwaka 1970 ndani ya gari la Chevron. Mwaka 1979 walikwenda na RX-7 yao na hata kufuzu kuanza mbio hawakufuzu. Mwaka 1982 wakamaliza nafasi ya 14. Kuanzia 1983 wakawa na prototaipu zao wenyewe, na wakawa wanashinda katika madaraja madogo, yaani ushindi ambao gazeti linaupa mistari miwili chini kabisa ya ukurasa. Mwaka 1989 magari yao matatu yalimaliza ya 7, ya 9 na ya 12. Mwaka 1990 wakaja na gari jipya, 787, lililosanifiwa na Mwingereza Nigel Stroud. Mawili yalianza mbio, na yote mawili yalikufa njiani.

Hapa ndipo hadithi ya marufuku inapovunjika. Chama cha mbio za magari duniani, FISA, kilikuwa tayari kimetangaza sheria mpya: prototaipu zote zitumie injini ya pistoni ya lita 3.5 isiyo na tabo, sawa na zile za Formula One. Sheria hiyo ilikuwa imeandikwa na kutangazwa kabla 787B haijashinda kitu chochote. Rotari haikuwa na nafasi humo, na wala tabo za Mercedes na Porsche au injini kubwa za Jaguar hazikuwa na nafasi. Wote walifukuzwa kwa pamoja. Kilichotokea ni kwamba mwaka 1991 magari mapya ya lita 3.5 yalikuwa machache mno kujaza mashindano, kwa hiyo yale ya zamani yakaruhusiwa kushiriki mwaka mmoja zaidi, tena kwa masharti magumu. Mazda walijua hilo walipopanda ndege kwenda Ufaransa. Walikuwa wanakwenda kwenye mtihani wa mwisho, na shule inafungwa.

Nadhani mnaona tofauti. Katika hadithi ya vijiweni, watu walishinda kisha wakaadhibiwa. Katika ukweli, watu walikuwa wamekwisha kuhukumiwa, wakabakiwa na siku moja tu.

Masharti ya mwaka ule yalikuwa hivi. Magari ya zamani yangepewa lita 2,550 tu za mafuta kwa saa zote 24. Mercedes na Jaguar walilazimishwa kubeba uzito wa kilo 1,000. Nafasi kumi za kwanza za kuanzia zilitengwa kwa magari mapya, hata kama yana mwendo wa kobe. Hapo anaingia Takayoshi Ohashi, mkuu wa Mazdaspeed, timu ya mbio ya Mazda. Alikwenda kwa FISA akajenga hoja: injini yetu si kama za hawa wengine, hatujawahi kushinda, mkitubebesha kilo 1,000 mnatumaliza kabisa. FISA wakakubali Mazda ikimbie na kilo 830. Mercedes na Jaguar hawakupiga kelele. Nani alalamike kuhusu timu ambayo mwaka uliopita magari yake mapya yote yalikufa njiani?

Kilo 170! Hiyo ni kama kuwashusha abiria wawili wanene pamoja na mizigo yao. Kwa hiyo wapo wanaosema ushindi wa Mazda ulikuwa zawadi ya mezani. Mimi sikubaliani nao, lakini sitalificha jambo hilo kama wanavyolificha mashabiki. Gari jepesi hutumia mafuta kidogo, hula matairi kidogo na kuchosha breki kidogo, na katika mbio za saa 24 zenye mafuta ya kupimwa hiyo ni faida kubwa sana. Bila kibali kile sidhani kama wangeshinda. Ila Mazda haikuwa timu pekee yenye watu wanaojua kusoma kanuni. Kanuni zilikuwa mezani kwa wote, na Ohashi alizisoma kwa makini kuliko wakubwa waliojiona wameshashinda. Na kibali hakikimbizi gari usiku kucha.

Gari lenyewe sasa. 787B ilikuwa na injini ya R26B, rota nne zimepangwa mstari mmoja, ujazo wa lita 2.6, nguvu za farasi kama 700 kwa mizunguko 9,000 kwa dakika. Kila rota ilikuwa na plagi tatu. Mabomba ya kuingizia hewa yaliweza kurefuka na kufupika gari likiwa linatembea, ili injini ivute vizuri kwenye mwendo wa chini na wa juu. Wahandisi wangeweza kukamua nguvu zaidi ya hizo, lakini hawakutaka, kwa sababu hesabu yote ilikuwa mafuta. Breki zilikuwa za kaboni, kitu ambacho Mazda za nyuma hazikuwa nacho. Jacky Ickx, Mbelgiji aliyeshinda Le Mans mara sita kama dereva, aliajiriwa kuwa mshauri, na timu ya Ufaransa ya ORECA ikasaidia kuendesha shughuli.

Na sauti! Wanaoijua hawahitaji nieleze. Ambao hamjaisikia, itafuteni. Si ngurumo, ni kilio kimoja kirefu chembamba kinachokuja kutoka mbali na kukupasua masikio kinapopita.

Magari matatu ya Mazda yalianza. Mawili yalikuwa 787B, namba 18 na namba 55, na moja 787 ya zamani, namba 56. Namba 55 lilipakwa rangi ya chungwa na kijani za Renown, kampuni ya nguo iliyolidhamini, na walikabidhiwa vijana watatu: Mjerumani Volker Weidler, Mwingereza Johnny Herbert na Mbelgiji Bertrand Gachot. Herbert miguu yake ilivunjwa vunjwa katika ajali ya Brands Hatch mwaka 1988, na tangu hapo hakutembea tena kama zamani. Mpango ulikuwa kwamba gari la vijana hawa likimbizwe kwa nguvu tangu mwanzo kana kwamba ni mbio fupi. Likifa, mengine mawili yapo.

Tarehe 22 Juni 1991 saa kumi alasiri mbio zikaanza. Namba 55 lilianzia nafasi ya 19. Peugeot za lita 3.5 zilizokuwa mbele hazikumaliza hata usiku, na magari mengi mapya yalionyesha wazi kwamba hayakuwa tayari. Mercedes C11, zenye injini ya V8 ya lita 5 na tabo mbili, zikachukua uongozi na kuonekana kama zinatembea peke yake barabarani. Katika moja ya Mercedes hizo alikuwemo kijana mmoja aliyeitwa Michael Schumacher, ambaye aliweka mzunguko wenye kasi kuliko yote ya mbio zile. Jaguar, na injini zao za lita 7.4, zilikuwa na kasi ila zilibanwa na mafuta. Dereva wa Jaguar akikanyaga, hesabu ya lita inamwambia aachie.

Mazda haikuwa na shida hiyo. Hii ndiyo kejeli ninayoipenda kuliko zote katika kisa hiki. Injini iliyosemwa miaka yote kwamba inakunywa mafuta kama mlevi, siku hiyo ikawa ndiyo inayobana matumizi kuliko wakubwa. Usiku ulipoisha, namba 55 lilikuwa limeshapanda mpaka juu. Halikuwa na hitilafu yoyote ya maana. Linaingia piti, linajazwa mafuta, matairi yanabadilishwa, dereva anashuka, mwingine anapanda, linaondoka. Saa baada ya saa.

Mercedes nyingine mbili zilipata matatizo, lakini namba 1, ya Jean-Louis Schlesser, Jochen Mass na Alain Ferté, ilikuwa bado mbali mbele. Jumapili mchana, zikiwa zimebaki saa kama tatu, ikaingia piti ikitoa mvuke. Kishikizo cha alteneta kilikuwa kimevunjika, mkanda unaozungusha pampu ya maji ukaenda, injini ikachemka. Kipande cha chuma ambacho fundi wa mtaani angekichomelea kwa nusu saa kiliiua Mercedes. Mafundi walihangaika, haikufaa. Namba 55 likapita kwenda mbele.

Herbert ndiye aliyekuwa ndani. Zamu yake ilipoisha alitakiwa ashuke amwachie mwenzake, yeye akaona bora abaki wasivuruge mdundo. Akaendesha mpaka mwisho, kwenye joto lile, akiwa amelala kidogo mno na amekula vibaya. Saa kumi alasiri akavuka mstari. Mizunguko 362, kilomita 4,922.81, wastani wa zaidi ya kilomita 205 kwa saa ukihesabu na kusimama kote. Hiyo ni zaidi ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na kurudi mara mbili, ndani ya siku moja. Nyuma yake zikaja Jaguar tatu, ya kwanza kati yao ikiwa nyuma kwa mizunguko miwili, kisha Mercedes ya Schumacher ya tano. Mazda nyingine zilimaliza ya 6 na ya 8. Zilianza tatu, zikamaliza tatu.

Herbert alipotoka ndani ya gari alianguka. Mwili ulikuwa umeishiwa maji. Wakambeba kumpeleka kwa madaktari, na jukwaani wakapanda Weidler na Gachot tu. Picha za ushindi ule ukizitazama, dereva aliyelifikisha gari mwisho hayumo.

Ulikuwa ushindi wa kwanza wa kampuni ya Japani Le Mans, na wa kwanza wa injini isiyo na pistoni. Wajapani walisubiri mpaka 2018 ndipo Toyota ikashinda, na injini isiyo na pistoni haijashinda tena. Baada ya mbio, injini ya namba 55 ilifunguliwa na kukutwa bado na afya njema. Yale makucha ya shetani yalikuwa yameshakatwa siku nyingi.

Maisha ya 787B yalikuwa mafupi. Msimu ule ilikimbia pia katika mbio nyingine za ubingwa wa dunia na haikushinda hata moja. Mbio fupi hazikuwa zake. Mwaka 1992 Mazda walirudi Le Mans kwa sheria mpya na gari la MXR-01, ambalo kwa kweli lilikuwa mwili wa Jaguar uliobadilishwa na kutiwa injini ya Judd ya silinda 10. Likamaliza la nne. Peugeot wakashinda. Magari yaliyojitokeza Le Mans mwaka huo yalikuwa 28 tu, na ubingwa wenyewe wa dunia ukafutwa msimu ulipoisha. Sheria iliyowafukuza Mazda, Mercedes na Jaguar kwa ahadi ya kuleta wapya ilibaki bila hao wapya. Hili ndilo la kuwakasirisha vijana wa gereji, na wala halihitaji kutiwa chumvi.

Wale madereva watatu kila mmoja alikwenda njia yake. Gachot, ambaye mwaka huo alikuwa dereva wa timu ya Jordan katika Formula One, alihukumiwa kifungo London mwezi Agosti 1991 kwa kumpulizia dereva teksi gesi ya machozi. Kiti chake kikawa wazi kwa mbio za Ubelgiji, na aliyepewa akawa Schumacher yule yule aliyemaliza wa tano Le Mans. Yaliyofuata mnayajua. Weidler alipata tatizo la masikio kuvuma na akaacha mbio mwaka 1992. Herbert alishinda mbio tatu za Formula One, na mwaka 2011, miaka 20 baadaye, alirudi Le Mans kuliendesha tena gari lile la chungwa na kijani mbele ya watu.

Mazda wenyewe uchumi wa Japani ulipoanguka waliyumba tena, Ford wakaongeza hisa hadi theluthi moja mwaka 1996. RX-7 ilikoma 2002, RX-8 ikakoma 2012, na huku kwetu jina la Mazda likabaki la Demio za kwenda kazini. Namba 55 linatunzwa na kampuni huko Hiroshima. Mwaka 2023 waliirudisha rotari ndani ya gari la umeme la MX-30, ikiwa na rota moja tu, na haisukumi matairi, kazi yake ni kuchaji betri. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 830, tarakimu zile zile za kilo alizoomba Ohashi.